Mbonyezee Kijani

"Gari hili halikwenda popote Jumatano," Sajini Orpha Dunning alisema, akaisukuma picha juu ya meza mpaka ikagusa kikombe cha kahawa. "Theluji ilianza saa nne asubuhi, ikakata saa sita. Juu ya gari, theluji ya kiganja kizima. Tulipolisogeza, chini yake nyasi kavu, hata tone hamna. Sasa niambie, Mheshimiwa, Royce Tackett alifikaje bungeni?"

Harlan Coyle hakuitazama picha. Alimtazama yeye. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti laini ya kubembeleza, na kwa miaka sita alikuwa mnadhimu wa chama tawala katika bunge la jimbo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kura kabla hazijapigwa na kuwanyoosha waliotaka kupinda. Wabunge walimwogopa kuliko walivyomwogopa Spika.

"Alipewa lifti," alisema. "Nani hajawahi kupewa lifti?"

"Na nani?"

"Hilo sijui. Ninachojua, saa nane kasoro nilimpa mkono pale mlangoni. Mkono wake baridi kama chuma, nikamtania, nikamwambia mzee, nunua glavu." Akatabasamu kidogo. "Saa tisa na dakika arobaini akapiga kura. Jimbo zima liliona."

"Njia ya kuingia kwake ni moja, na kwenye theluji kulikuwa na alama za gari moja tu. Gari la mpwa wake, la saa kumi na moja jioni. Huyo wa lifti alimrudisha kwa kupita hewani?"

"Sajini, mtu wenu mnaye ndani. Delmar Huff alisema mbele ya watu thelathini kwamba anakwenda kumuua mjomba wake. Akaenda. Mjomba akakutwa maiti. Unatafuta nini tena?" Coyle akainuka, akamfungulia mlango kwa heshima zote. "Jana nilikula chakula cha mchana na Sherifu wako. Anakusifu sana. Anasema umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Ingekuwa hasara, eti?"

Orpha alitoka kwenye korido. Miaka ishirini na mitatu ya kazi ya polisi, alishatishwa na walevi, wezi, hata na mchungaji mmoja, lakini hakuwahi kutishwa kwa sauti nzuri vile.

Akaangalia saa. Saa nne na nusu. Saa tisa alasiri Delmar Huff angesimamishwa mbele ya jaji, na mwendesha mashtaka angeomba shitaka la kuua kwa kukusudia. Katika jimbo lile, shitaka hilo mwisho wake ni sindano ya sumu. Delmar alikuwa na miaka thelathini na moja, mke na mapacha wa kike, na mdomo usiojua kunyamaza. Kwa mdomo huo ndio alikuwa anakwenda kufa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Royce Tackett alianza kama dalali wa mnada wa ng'ombe, mtu wa kupaza sauti na kupiga nyundo. Miaka kumi na minane iliyopita daraja la Bonde la Sutter lilibomoka na basi juu yake. Royce akaingiwa na hasira, akagombea, akashinda kwa kura mia na kumi na mbili. Daraja likajengwa, na watu wa bondeni wakamrudisha mara nane mfululizo. Lakini ile hasira aliiacha nje ya mlango wa bunge. Humo ndani alikuwa mpole kupindukia. Chama kikisema ndiyo, naye ndiyo. Wenzake wakambandika jina, Royce Ndiyo, naye akacheka nao, miaka ikaenda.

Mpaka ulipokuja Mswada wa Bwawa. Ukipita, Bonde la Sutter lote lingezama: nyumba, kanisa, makaburi, na lile daraja. Jumapili Royce alisimama kanisani, akaapa mbele ya watu wake kwamba safari hii ni hapana. Jumatano redio ikatangaza: ndiyo hamsini na moja, hapana arobaini na tisa. Tackett, ndiyo. Kura yake peke yake ndiyo iliyolizamisha bonde. Delmar aliisikia akiwa kiwandani kwenye msumeno wa mbao, akatupa kofia chini, akapayuka yale aliyopayuka. Saa kumi na moja akafika kwa mjomba wake, na dakika tano baadaye akapiga simu polisi, analia, anasema mzee yuko chini ya ngazi za ghala la chini ya nyumba na hapumui.

Ghala lilikuwa baridi kama friji. Daktari alikuna kichwa: mzee alipigwa kisogoni, si kuanguka, wakati wowote kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kura ndiyo iliyowakatia shauri. Kama saa tisa na dakika arobaini alikuwa bungeni, na kwake ni mwendo wa dakika arobaini, basi aliuawa baada ya saa kumi na dakika ishirini. Hapo hakuna mwingine, ni Delmar. Lakini kama aliuawa asubuhi, Delmar alikuwa kwenye msumeno tangu alfajiri, na mashahidi thelathini.

Kati ya Delmar na ile sindano palikuwa na vitu viwili visivyopatana: gari lililokaa juu ya nyasi kavu, na taa ya kijani ya kura ya Royce.

Ukumbi wa bunge ulikuwa bado mtupu, isipokuwa mbunge mmoja mnene katika safu ya nne, ameegemea kiti, anakula donati huku akijikuna mgongo kwa kijiti kirefu chenye kiganja kidogo cha mbao. Huyo ni Mheshimiwa Boyd Renfro, mfuga nguruwe, mcheshi wa bunge zima. Orpha alishamhoji jana.

"Ahaa, Sajini! Umerudi kunikamata?" Renfro akanyoosha mikono mbele. "Nifunge pingu, lakini donati niachie."

"Leo nina swali moja tu, Mheshimiwa. Jumatano ulimwona Royce?"

"Si nimekwambia! Alipiga kura. Pale." Akaelekeza kijiti kwenye ubao mkubwa ukutani, wenye majina mia moja na taa mbele ya kila jina. "Kijani ikawaka, sisi huku tukashangaa."

"Sikuulizi kuhusu ubao. Nakuuliza, uliuona uso wake?"

Renfro akaacha kutafuna. Mkono wenye kijiti ukashuka taratibu, ukaingia chini ya meza. "Sasa mama, mtu huwezi kukumbuka nyuso za watu mia. Ukumbi huu ni kama gulio. Mmoja yuko chooni, mwingine yuko kwenye simu. Tunaangalia ubao."

Orpha alifungua daftari lake. Alikuwa amehoji watu saba tangu jana, makarani wawili, mpambe wa bunge na wabunge wanne. Alirudia majibu yao moja moja. Alipiga kura. Kura yake ilionekana. Jina lake liliwaka. Saba wote wameapa, na hakuna hata mmoja aliyesema nilimwona. Mtu mmoja tu ndiye aliyedai kumwona Royce kwa macho na kumshika mkono, na mtu huyo alikuwa ametoka kumfungulia mlango dakika ishirini zilizopita.

"Nani anakaa karibu na Royce?" aliuliza.

Renfro alinyoosha kidevu tu, mbele yake, kwenye safu ya tatu. Meza ya Royce ilikuwa imefunikwa kitambaa cheusi na maua meupe. Kwenye meza inayopakana nayo, mama mmoja mfupi mwenye nywele nyeupe alikuwa ndiyo kwanza anafika, mkoba kifuani ameushika kwa mikono miwili.

Orpha alimjua kabla hajageuka. Imogene Farris alikuwa amewakilisha wilaya ya mashariki kwa miaka kumi na minne, lakini kwa Orpha hakuwa mbunge hata kidogo. Alikuwa Mwalimu Farris wa darasa la nne, aliyemfundisha kugawanya kwa tarakimu mbili na kumnunulia viatu vya baridi bila kumwambia mtu. Jana mama huyu hakufika bungeni. Walisema anaumwa.

"Mwalimu, shikamoo."

"Orpha." Mama akaketi. "Nilijua watakutuma wewe. Nilimwomba Mungu wamtume mwingine."

"Kwa nini, Mwalimu?"

Imogene akatazama nyuma. Renfro alikuwa amekwishaondoka na donati yake. Mama akatazama roshani ya wageni juu, akatazama mlango wa magharibi, kisha akafungua droo ya meza yake kwa uangalifu, kama mtu anayehofia kuna kitu humo kitamrukia.

Ndani mlikuwa na fimbo nyembamba ya mti mgumu, urefu wa mkono mmoja na nusu, imepigwa msasa vizuri, ncha yake imevishwa mpira wa mguu wa mkongojo. Ilikuwa imevunjwa vipande viwili.

"Nimeikuta hivi leo asubuhi," alinong'ona. "Juu ya meza, imepangwa vizuri. Vipande viwili sambamba."

"Fimbo ya nini?"

"Royce ndiye aliyenichongea. Bega langu bovu, sifiki mezani kwake bila kunyanyuka." Akainua kipande kimoja, akakirudisha. "Mwanangu, watu wa nje hawalijui hili, na kanuni zinalikataza kabisa. Lakini sote tunafanya. Tangu zamani. Mwenzako akiwa chooni, au mgonjwa, au amekwenda kuongea na wapigakura wake, unambonyezea kitufe cha kura mezani kwake. Yeye naye kesho anakubonyezea wewe. Hatuiti udanganyifu. Tunaita ujirani."

Aliketi taratibu kwenye kiti kilichokuwa mbele yake, akageuka, akashusha sauti. "Jumatano Royce hakuja."

"Hakuja."

"Ukambonyezea wewe."

Mama akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso haukukunjamana. Alikuwa mwalimu wa miaka thelathini, alijua kulia bila darasa kujua.

"Ulijua anataka kupiga hapana?"

"Aliniambia Jumanne jioni. Alikuwa na furaha kama mtoto! 'Imogene, kesho nabonyeza nyekundu. Miaka kumi na minane sijui hata ile nyekundu inabonyezwaje.' Tukacheka." Akajifuta pua. "Jumatano kiti kitupu. Saa nane kitupu. Saa tisa kitupu. Nikasema nimwache tu, asihesabiwe. Ndipo akaja mtu akaniinamia sikioni. 'Royce amechelewa kidogo. Mbonyezee kijani.' Nikamwambia hapana, Royce ni nyekundu. Akasema, 'Amebadili mawazo, nimetoka kuongea naye kwenye simu sasa hivi.' Nikasita. Akaweka mkono hapa begani, kwenye bega bovu, akalibana. Nikachukua fimbo."

"Mtu gani, Mwalimu?"

Imogene alifunga macho. "Wakati huo zilikuwa zimepita saa ngapi tangu Royce afe, Orpha?"

"Tano. Labda sita. Aliyemuua alitoka kabla theluji haijakata."

"Basi aliongea na nani kwenye simu?"

"Nitajie jina."

"Nikilitaja, bonde lile halizamishwi, si ndiyo? Kura inakuwa batili."

"Nikuambie kweli, bonde silijui. Najua kuna mtu yuko selo na saa tisa wanaanza kumuua kwa makaratasi. Sina alama ya kidole, sina silaha, sina chochote. Nina wewe tu."

Makarani walikuwa wameanza kuingia, wanaweka maji mezani. Imogene akavishika vile vipande viwili vya fimbo, akavikutanisha pale vilipovunjikia, vikashikana barabara kana kwamba ni vizima, akaviachia.

"Ni Harlan Coyle," alisema. "Na naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivi maishani. Jana sikuwa mgonjwa. Nilikaa bafuni mlango nimefunga, nasikiliza gari linapita nje, linageuza, linapita tena."

"Twende sasa hivi. Gari langu liko nje, mahakama ni mitaa mitatu."

Kengele ikalia. Ilikuwa kengele ya zamani, kali, ya kuingia hadi kwenye meno. Milango ikafunguka na wabunge wakaanza kumiminika, na mpambe wa bunge, mzee mwenye koti lenye vifungo vya shaba mabegani, akaanza kuwatoa wageni. "Wasio wabunge, roshani tafadhali. Na wewe, Sajini. Hata angekuja Rais, roshani."

Imogene akamshika Orpha mkono. Sauti ilikuwa imerudi, ile ya darasa la nne. "Nisikilize. Kura ya kwanza leo ni azimio la kumuenzi Royce. Lile daraja wanalipa jina lake. Nikinyanyuka sasa na polisi, mimi jirani yake wa miaka kumi na minne, kabla ya kura hiyo, Harlan atajua tu. Ataipata simu kabla hatujafika mahakamani. Niache nipige. Dakika kumi."

"Sipendi."

"Hata kugawanya hukupenda."

Orpha alisita. Kisha akakubali. Hilo ndilo kosa, na baadaye angejilaumu mpaka achoke, lakini wakati ule lilionekana jambo la busara: ukumbi wenye watu mia, taa zote zimewaka, mchana kweupe. Nani angemgusa mtu pale?

"Nitakuwa juu, mstari wa mbele," alisema. "Ukiinua macho utaniona. Usinyanyuke mpaka nije mwenyewe nikuchukue. Umenisikia, Mwalimu? Mwenyewe."

"Nimesikia, bibi mkubwa," mama akajibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Roshani ilijaa watu wa Bonde la Sutter, kimya, wamevaa nguo za kanisani. Orpha akajipenyeza mpaka mbele, akashika chuma cha ukingo. Chini kule Imogene aliinua macho, akamwona, akashusha. Coyle alikuwa kwenye kiti chake cha safu ya nne, ujia mmoja tu kutoka kwa Renfro, miguu ameikunja, anasoma karatasi, hana hili wala lile. Karani akaanza kusoma azimio. Kwa kuwa marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu. Kwa kuwa hakuwahi kuwaangusha wananchi wake. Mwanamke mmoja nyuma ya Orpha akatoa mguno wa uchungu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mwendesha mashtaka Yost. Alikuwa amempigia mara nne tangu asubuhi, na mara zote nne hakupokea.

"Hamna simu roshani," mlinzi alinong'ona.

Orpha akatazama chini. Imogene ameketi, mikono mezani. Akatoka nje kwenye korido, hatua tatu tu, mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake. Kutoka pale aliuona ubao wa kura ukutani, wote, majina yote. Sakafu ya ukumbi ilizibwa na ukingo wa roshani.

"Dunning, uko wapi?" Yost alikuwa na sauti ya mtu asiye na subira. "Sherifu ananiambia umekwenda kumsumbua Coyle. Una wazimu?"

"Ahirisha kesi ya Huff."

"Kwa kisingizio kipi?"

"Tackett alikuwa amekufa kabla ya saa sita mchana. Ile kura hakupiga yeye. Ninaye aliyeipiga, na aliyemwambia aipige, na ataapa mbele ya jaji leo hii."

Ndani, kengele fupi ya kura ikalia.

"Una uhakika naye? Hawa wanasiasa mdomoni ni asali, ukimfikisha mahakamani amepotea."

"Hajapotea. Yuko hapa."

"Unamwona?"

Kwenye ubao, taa zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine, kijani, kijani, kijani. Orpha akatafuta herufi ya F. Farris, I. Ikawaka kijani mbele ya macho yake.

"Namwona," alisema. "Ndiyo kwanza amepiga kura sasa hivi."

"Haya. Mlete saa saba ofisini kwangu. Huff nitamsogeza Jumatatu."

Orpha akakata simu. Furaha ilimpanda kama maji ya moto kifuani. Delmar amepona! Akaweka simu mfukoni, akashika kitasa cha mlango, na pale pale, mkono ukiwa juu ya kitasa, maneno yake mwenyewe yakamrudia masikioni. Namwona. Amepiga kura. Alikuwa ameapa kwa ubao, kama wale saba.

Akausukuma mlango, akawakumba watu, akafika kwenye chuma, akatazama chini.

Kiti cha Imogene Farris kilikuwa kitupu. Mkoba uko mezani. Droo iko wazi.

Ngazi za kushuka zilikuwa arobaini na Orpha hakukumbuka hata moja. Mpambe alimwekea mkono mlangoni, akaupita. Wabunge wakageuka. Spika akagonga nyundo, akasema kitu. Orpha alikwenda moja kwa moja safu ya nne, kwa Renfro, ambaye alikuwa bado ameshika kile kijiti cha kujikunia mgongo, kiganja chake cha mbao kikining'inia juu ya meza ya Imogene.

"Yuko wapi?"

"Nani? Imogene?" Renfro akapepesa macho. "Si umemwita wewe?"

"Mimi!"

"Mpambe alimletea karatasi. Mimi niko nyuma yake, jicho halina pazia, nikachungulia. 'Tunaondoka sasa. Nakungoja mlango wa magharibi. Orpha.' Akatazama juu roshani, hakukuona, akasema basi amekwishashuka. Akanyanyuka upesi kama msichana." Sasa naye Renfro alianza kuona kitu usoni kwa Orpha, na ucheshi ukamtoka. "Sajini, kuna nini? Sikufanya ubaya. Nimembonyezea tu. Isingekuwa vizuri, siku ya Royce, jina lake likose taa."

"Nani alikwambia umbonyezee?"

"Harlan. Alinipiga begani, akasema, 'Imogene amechelewa kidogo. Mbonyezee kijani.'" Renfro akalamba midomo. "'Na mimi pia,' akasema. 'Natoka mara moja.'"

Orpha akageuka. Ng'ambo ya ujia, kiti cha Coyle kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa adabu, karatasi zake zimepangwa. Juu ukutani, Coyle, H., kijani.

Alikimbia. Korido ya magharibi ilikuwa ndefu, ya marumaru, na viatu vyake vilipiga kelele za kumtia aibu. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, upepo wa baridi unaingia. Nje, juu ya theluji ya ngazi ambayo hakuna mwingine aliyeikanyaga tangu asubuhi, zilikuwepo nyayo za watu wawili, za viatu vikubwa na za viatu vidogo. Zile ndogo zilishuka vizuri hatua sita. Baada ya hapo zilikuwa mistari miwili ya mtu anayeburutwa, mpaka penye alama za matairi.

Nyuma yake, kwenye vipaza sauti vya korido, nyundo ya Spika iligonga mara moja.

"Ndiyo, tisini na tisa. Hapana, hakuna," sauti ikasema. "Azimio limepita, Waheshimiwa. Karani aandike kwamba wabunge wote wapo."